Merikebu Sultana mjini New York, 1840: Zanzibar ilipeleka mjumbe, haikuacha mtu

Tarehe 30 Aprili 1840 merikebu ya Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Zanzibar, iitwayo Sultana ilitia nanga New York. Ndani yake mlikuwa na mabaharia hamsini na kitu, shehena ya tende na pembe za ndovu, na farasi wawili wa Kiarabu waliovuka bahari mbili wakiwa wazima. Mwenye dhamana ya safari nzima alikuwa Ahmad bin Naaman al-Kaabi, katibu wa Sayyid, mzaliwa wa Basra, mtu wa miaka hamsini na kitu aliyekwisha kuona bandari nyingi kuliko wengi wa zama zake.

Kisa hiki kinapendwa, na kwa kawaida husimuliwa kama harusi: zawadi zilikuwa hizi, watu walijaa gatini hivi, mgeni alivaa vile. Mimi nitakisoma kwa jicho la mtu anayetaka kujua ujumbe ule ulifanya kazi gani. Zanzibar ilimtuma mtu mwerevu kwenda taifa la mbali lililokuwa likinunua karibu kila alichouza Sayyid. Alipokelewa vizuri, akarudi salama, akaleta bidhaa. Pamoja na yote hayo, miaka ikapita mmoja baada ya mwingine bila Zanzibar kuwa na mtu wake wa kudumu Marekani, wakati Marekani ilikuwa na mtu wake Forodhani tangu 1837. Hapo ndipo penye kisa, kwa maoni yangu.

Kwanza tuondoe dai moja linalorudiwa mno, kwamba Ahmad bin Naaman ndiye Mwarabu wa kwanza, au Mwislamu wa kwanza, kufika Marekani kwa kazi ya ujumbe. Miaka 35 kabla yake, Sidi Soliman Mellimelli wa Tunis alifika Washington kwa ajili ya mgogoro wa meli zilizokamatwa na Wamarekani wakati wa vita vya Tripoli. Rais Thomas Jefferson alimwalika chakula mwezi wa Desemba 1805 na, kwa kuwa ilikuwa Ramadhani, akasogeza saa ya kula hadi jua lilipozama. Mellimelli naye alileta farasi. Kwa hiyo hata farasi hawakuwa jambo jipya. Lililokuwa jipya ni kwamba Sultana ilitoka upande huu wa Afrika, chini ya bendera nyekundu ya Sayyid Said, na haikwenda kulalamika wala kudai fidia. Ilikwenda kufanya biashara.

Mkataba uliopinda upande mmoja

Chanzo ni mfanyabiashara wa New Hampshire aitwaye Edmund Roberts. Alikuja Unguja mwaka 1828 na bidhaa zake, akachoshwa na mizunguko ya forodha, akaonana na Sayyid Said mwenyewe. Sayyid wakati huo alikuwa na jicho lake kwenye Mombasa ya akina Mazrui na alihitaji silaha na marafiki wasiokuwa Waingereza. Roberts alirudi kwao, akawashawishi wakubwa, na tarehe 21 Septemba 1833 akatia saini mjini Maskati mkataba wa urafiki na biashara kwa niaba ya Rais Andrew Jackson. Alifika kwa manowari Peacock. Miaka mitatu baadaye alifariki Macao akiwa katika safari nyingine ya aina hiyo hiyo.

Ukiusoma mkataba ule kwa makini utaona ulivyopinda. Mmarekani aliruhusiwa kuingia bandari zote za Sayyid na kuuza apendavyo, isipokuwa bunduki na baruti pale Unguja, ambazo Sayyid alitaka ziishie mikononi mwa serikali yake peke yake. Ushuru ulikuwa asilimia tano ya mzigo ulioshushwa, basi. Rais wa Marekani alipewa haki ya kuweka konseli wake, yaani mwakilishi wa kuangalia biashara ya watu wake, katika bandari za Sayyid penye biashara. Na Sayyid alipewa nini kwa upande wa pili? Ahadi kwamba meli zake zikifika Marekani hazitatozwa zaidi ya zinavyotozwa meli za taifa linalopendelewa kuliko yote. Kuhusu mtu wake wa kukaa huko, mkataba haukumpangia kitu.

Huenda Sayyid hakuona kasoro. Kwa nini aone? Mtu ambaye forodha yake inakodishwa kwa Mhindi hodari, akapata fedha yake kila mwaka bila jasho, hana haja ya karani New York. Mkuu wa forodha wa Unguja alikuwa Jairam Shivji, na nyumba hiyo ndiyo iliyojua nani kaingia, kaleta nini, na anadaiwa na nani.

Mwaka 1837 akafika konseli wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, kutoka Salem, Massachusetts. Waters hakuwa mtumishi wa serikali kama tunavyomjua balozi leo. Alikuwa mfanyabiashara aliyepewa cheo, na cheo kilimsaidia katika biashara yake. Baada ya kusuguana kidogo na Jairam, wakaelewana, na maelewano yao yakawa ukuta: meli ya Salem ilipata mzigo upesi, meli ya New York ikasubiri. Nguo za pamba zisizotiwa rangi kutoka viwanda vya Massachusetts zilikwisha kuanza kutawala soko hadi bara, na jina lake hadi leo ni merikani. Kwa kurudi meli zilichukua pembe, sandarusi (utomvu mkavu wa kutengenezea vanishi), ngozi na karafuu.

Sasa chukua nafasi ya Sayyid mwaka 1839. Unauza sandarusi kwa Waters kwa bei ya Waters, unanunua merikani kwa bei ya Waters, na unasikia kwamba huko mbali ipo bandari kubwa kuliko Salem. Wewe mwenyewe una meli. Una sifa pia: ulikwisha kumpa Mfalme wa Uingereza manowari nzima, Liverpool, na mwaka 1838 ulimpeleka Ali bin Nasir, liwali wako wa Mombasa, hadi London kwa Malkia Victoria. Utakaa tu?

Shehena ndiyo barua

Sultana ilijengwa Bombay mwaka 1833, merikebu ya mizinga kumi na minne. Iliondoka Maskati kwa kaskazi, ikashuka Unguja, ikapakia tena, na Februari 1840, kaskazi ikiwa bado inavuma, ikaelekea kusini kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema. Orodha ya mzigo imehifadhiwa, na mimi naiona ina maneno mengi kuliko salamu zote za adabu. Kutoka Maskati: mifuko 1,300 ya tende, marobota 21 ya mazulia ya sufu ya Uajemi, marobota 100 ya kahawa ya Mokha. Kutoka Unguja: pembe za ndovu 108, masanduku 81 ya sandarusi, mifuko 135 ya karafuu, ngozi kavu 1,000 zilizotiwa chumvi.

Tazama mchanganyiko huo. Hakuna kitu kimoja kilichojazwa hadi pomoni. Kila kitu kiko kidogo kidogo, kuanzia kile ambacho Wamarekani walikuwa wakikinunua tayari hadi kile ambacho pengine hawakijui. Huo ni mzigo wa kupimia soko. Sayyid alitaka kujua New York inalipa kiasi gani kwa kila bidhaa aliyokuwa nayo, bila Waters kuwa katikati.

Waters na wenzake wa Salem walilielewa hilo mara moja, na hawakulipenda. Kwao Sultana ilikuwa dalili ya hatari mbili: kwamba Sayyid angeanza kuuza mwenyewe, na kwamba wafanyabiashara wa New York wangeamka.

Merikebu ilikuwa na upungufu mmoja mkubwa. Mabaharia wa Sayyid waliijua bahari yetu hii kama kiganja, lakini Atlantiki haikuwa yao, na kazi ya kuongoza njia alipewa Mwingereza, William Sleeman, ambaye alikuwa mlevi. Mjumbe wa dola alivuka nusu ya dunia akimtegemea mtu ambaye siku nyingine hakuweza kusimama sawasawa juu ya sitaha. Walifika hata hivyo. Merikebu yenyewe ilikuwa imechoka: mbao zinavuja, matanga na kamba zimechakaa.

New York ilishangaa. Watu walimiminika gatini kutazama vilemba na ndevu, na si wote waliokuja kwa adabu. Magazeti yaliandika. Wakati huo huo nchi ilikuwa katikati ya kesi ya Amistad, ile ya Waafrika waliojikomboa kwenye meli ya Wahispania mwaka 1839 na sasa walikuwa wamefungwa Connecticut wakisubiri hukumu. Na ndani ya Sultana, miongoni mwa mabaharia, walikuwamo watumwa. Jimbo la New York lilikuwa limekomesha utumwa mwaka 1827, ilhali Washington, mji mkuu, watu walikuwa bado wanauzwa. Mjumbe alitoka nchi ambayo karafuu zake zilivunwa na watumwa, akafika nchi ambayo pamba ya merikani yake ilivunwa na watumwa. Masimulizi ya zulia na marashi huliruka jambo hili, nami sioni sababu ya kuliruka. Ndilo lililokuwa likizungusha biashara ile kutoka ncha zote mbili.

Zawadi zilizokwama

Ahmad alikabidhi mambo ya biashara kwa mawakili, nyumba ya Barclay & Livingston, na hao ndio waliomwandikia Rais Martin Van Buren kumjulisha kwamba Sayyid amemletea zawadi: farasi wale wawili, lulu, marashi ya waridi, mashali ya Kashmiri, zulia la Uajemi, upanga uliopambwa kwa dhahabu.

Van Buren alijibu kwa upole kwamba hawezi kuzipokea. Katiba ya Marekani, ibara ya kwanza, kifungu cha tisa, inamkataza mwenye cheo serikalini kupokea zawadi ya mfalme au dola ya kigeni bila ridhaa ya Bunge. Kwa desturi zetu jibu hilo ni zito. Kurudisha zawadi ya mtu mkubwa ni kumwambia kwamba humtaki. Mawakili wakajaribu kueleza hivyo, kwamba zawadi zimekwisha vuka bahari na kuzirudisha kutamvunjia mtawala heshima.

Wamarekani walikuwa na kumbukumbu mbichi ya mkasa wa namna hiyo. Mwaka 1839 Sultani wa Moroko alimpelekea konseli wao wa Tangier, Thomas Carr, simba dume na jike. Konseli alikataa, waliowaleta wakasema wao wakirudi nao watakatwa vichwa, na mwisho wanyama wakaingizwa ndani ya ubalozi. Walisafirishwa Marekani na kupigwa mnada. Kwa hiyo zilipofika lulu za Sayyid, njia ilikuwapo: Van Buren alilipeleka suala Bungeni, na mwezi wa Julai Bunge likaidhinisha zipokewe kwa niaba ya serikali, zinazouzika ziuzwe, fedha iingie hazina. Farasi wakauzwa. Baadhi ya vitu vilihifadhiwa na baadaye vikaishia katika makumbusho ya Smithsonian, Washington.

Ninachokipenda katika sehemu hii ni namna Ahmad alivyonyamaza. Hakwenda Washington. Rais hakumwona uso kwa uso. Mjumbe mwenye hasira za haraka angelifanya suala la zawadi kuwa ugomvi wa heshima, akapanda meli akaondoka. Yeye aliwaachia mawakili waandikiane na serikali, akashughulika na mzigo na merikebu. Wapo wanaosema kwamba hapo alipoteza nafasi, kwamba mjumbe asiyefika ikulu si mjumbe kamili. Sikubaliani nao. Merikebu ilikuwa inavuja na fedha zake zote zilikuwa ndani ya shehena ile. Angekwenda Washington kwa ajili ya picha tu.

Na zawadi ya kweli ilikuja kutoka upande wa pili. Jeshi la wanamaji la Marekani liliichukua Sultana hadi karakana yake ya Brooklyn, chini ya Komodoo James Renshaw, likaifanyia matengenezo makubwa, na gharama ikalipwa na serikali. Kwa mwenye merikebu iliyochoka, ambaye bado ana safari ya miezi minne mbele yake, hakuna lulu inayofikia hapo. Tena ilikuwa heshima isiyohitaji kibali cha kifungu cha tisa.

Halmashauri ya jiji nayo ilimkirimu, ikamtembeza, ikampandisha treni hadi Long Island. Mchoraji Edward Mooney akamchora. Picha hiyo ipo hadi leo katika jumba la makumbusho la Salem, mji wa Waters, na ndiyo sura tunayoikuta kila kisa hiki kinapoandikwa.

Kilichorudi, na kisichobaki

Sultana iliondoka New York mwezi wa Agosti. Safari hii mwongoza njia alikuwa Mmarekani wa Philadelphia, Sandwith Drinker, aliyeacha shajara ya safari, na shajara hiyo ina manung'uniko mengi kuhusu mabaharia aliowakuta. Ilipita Rasi na kufika Unguja Desemba. Ilileta merikani kwa marobota, nguo nyekundu, shanga, bunduki na baruti, sahani za kaure. Ilileta pia zawadi za serikali ya Marekani kwa Sayyid: mashua ya fahari, vioo vikubwa, kandili la kuning'inizwa, na silaha za Colt zenye kufyatua mfululizo, ambazo wakati huo zilikuwa kitu kipya hata kwao.

Angalia bidhaa zile za kununuliwa. Ni zile zile alizoleta Waters. Sayyid alikwenda hadi New York kununua kile alichouziwa mlangoni kwake, ili ajue bei. Kwa jaribio la soko hilo ni jibu tosha, na huenda ndiyo sababu hakurudia New York: watu wa Salem walikuwa wepesi kuliko merikebu yake, walikwenda na kurudi kila msimu, na mwongoza njia wao hakuwa wa kukodi.

Lakini bei si habari ya mara moja. Bei ya sandarusi ya mwezi wa Mei 1840 haimsaidii mtu mwaka 1842. Waters alikaa Unguja miaka kadhaa, akajua nani anaaminika, meli ipi imechelewa, pembe zipi ziko njiani kutoka bara, na akaandika barua kwao bila kuchoka. Ahmad bin Naaman alikaa New York miezi mitatu na kidogo. Alipoondoka hakuacha mtu wa Sayyid, hata karani mmoja. Palibaki mawakili Wamarekani wenye shughuli zao nyingine. Kosa, kama tunataka kuliita hivyo, ni la aliyemtuma. Kijana mmoja mwenye kujua hesabu na Kiingereza, akaachwa pale kwa misimu mitatu, angegharimu kidogo kuliko upanga ule wa dhahabu.

Inawezekana Sayyid hakuona haja kwa kuwa macho yake yalikuwa London. Mwaka uliofuata, 1841, akaja Unguja Atkins Hamerton, konseli wa Uingereza, na tangu hapo Sayyid alikuwa na mgeni mzito zaidi wa kumshughulisha, mwenye madai ya kukomesha biashara ya watumwa na manowari za kuyasisitiza. Mwaka 1842 Ali bin Nasir alipelekwa tena London. Mara zote mbili mtindo ulikuwa ule ule: mtu mkubwa huenda, hutoa zawadi, husikilizwa, hurudi. Haukuwa wadhifa, ilikuwa safari.

Utetezi upo, na ni wa haki kuutaja. Mwaka 1840 hata Marekani haikuwa na mabalozi wenye cheo kamili popote, ilikuwa na mawaziri na makonseli tu, na makonseli wengi walikuwa wafanyabiashara kama Waters. Lakini hiyo yaonyesha jinsi jambo lenyewe lilivyokuwa jepesi kufanyika. Sayyid angeweza kumpa cheo hicho hicho mfanyabiashara yeyote wa New York aliyemwamini.

Gharama yake ilionekana miaka kumi baadaye. Konseli wa Marekani wakati huo, Charles Ward, naye mtu wa Salem, aligombana na serikali ya Unguja mwaka 1850 juu ya mizinga ya heshima kwa bendera yake siku ya tarehe 4 Julai. Hakupata alichotaka, akateremsha bendera, akaondoka na malalamiko yake hadi kwao. Huko Washington habari iliyosikika ilikuwa ya Ward. Hapakuwa na mtu wa kueleza desturi ya Unguja ilikuwaje, wala konseli yule alikuwa akidai nini katika mambo ya biashara. Mwaka 1851 ikatumwa manowari ya moshi Susquehanna, chini ya Komodoo John Aulick, kwenda kulimaliza jambo hilo mbele ya ngome, na Ahmad bin Naaman alikuwa bado hai, hapo hapo Unguja, na Kiingereza chake.